Adapta imepiga hodi, nani kaiziba njia?

Novemba maduka ya nafaka ya Kitale hayana muda wa kupumua. Trekta na pikapu hupanga foleni tangu alfajiri, magunia hupanda mizani na kushuka, na karani huandika kwenye daftari huku akipishana na wapagazi. Katika duka moja upande wa barabara ya Endebess, mwenye duka alikuwa amechoshwa na daftari hilo. Kilo 89 zikiandikwa 98 kwa uchovu wa jioni, ugomvi unaozuka kati ya mkulima na karani hauna hakimu. Alichotaka ni kitu kidogo tu: namba inayowaka kwenye mizani iingie moja kwa moja kwenye laptopu.

Mizani yake ilikuwa na tundu la pini tisa mgongoni, ile poti ya siriali ambayo zamani kila kompyuta ya mezani ilikuwa nayo. Laptopu yake, ThinkPad ya mtumba yenye Ubuntu 22.04, haina tundu kama hilo. Basi akaagiza Luthuli Avenue, Nairobi, waya wa buluu wenye USB upande mmoja na pini tisa upande wa pili. Ukafika na basi la usiku. Wakauchomeka. Kimya.

"Fundi, hii kitu imekataa," aliniambia nilipofika. "Kuna kijana ameitazama jana, akasema Linux haiwezi, niweke Windows."

"Mama, nipe dakika kumi. Wacha kwanza tuiulize kompyuta yenyewe."

Nilifungua dirisha la amri, nikaandika sudo dmesg -w, nikachomoa waya na kuuchomeka tena. Mistari ikamiminika. Kompyuta ilisema imeona kifaa kipya chenye namba 1a86:7523. Ikasema draiva iitwayo ch341 imekipokea na kukipa jina ttyUSB0. Kisha, ndani ya sekunde hiyohiyo, ikasema kuna programu nyingine, brltty, inayokitaka kifaa hicho. Mstari wa mwisho: ch341 imeachia, ttyUSB0 haipo tena. Waya ulipiga hodi, ukafunguliwa mlango, ukapewa kiti, kisha mtu mwingine wa nyumba ileile akauvuta pembeni kabla haujakaa.

Nimeanza na mistari hiyo kwa sababu imebeba karibu kila kitu ninachotaka kusema. Huku kwetu, Bungoma na Kitale, mtu akisema adapta "haitambuliki" huwa anazungumza kama vile ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja, na dawa yenyewe ni kufuta mfumo na kuweka mwingine. Lakini kutambuliwa ni safari yenye vituo kadhaa, na kifaa kinaweza kukwama kwenye kituo chochote. Ukijua kimekwama wapi, kazi imekwisha nusu. Na kwenye Linux, kituo kinacholaumiwa zaidi, yaani ukosefu wa draiva, ndicho ninachokikuta na kosa mara chache kuliko vyote.

Kwa nini lakini tunahangaika na teknolojia ya mwaka 1960? Huo ndio mwaka kiwango cha RS-232 kilipoandikwa Marekani, miaka 36 kabla ya USB kutangazwa. Kimedumu kwa sababu ni rahisi. Waya tatu zinatosha: moja ya kupeleka, moja ya kupokea, moja ya ardhi. Mtengenezaji wa mizani hahitaji kulipia leseni wala kuandika programu kubwa. Ndiyo maana tundu hilo, au jamaa yake RS-485 anayevumilia waya wa zaidi ya kilomita moja, bado liko kwenye mizani ya malori ya miwa, kwenye inveta za sola, kwenye ruta za ofisini na kwenye mashine za viwandani. Mafundi wa dishi walijifunza siriali miaka mingi iliyopita, walipokuwa wakipakia programu upya kwenye dekoda zilizoganda. Mwanafunzi wa uhandisi aliyenunua Arduino ya bei nafuu anatumia siriali hiyohiyo, ila chipu imeunganishwa kwenye kibao chenyewe na huioni.

Chipu hizo za kutafsiri kati ya USB na siriali ni za familia nne ambazo fundi wa mitaani atakutana nazo: FTDI ya Glasgow, Prolific ya Taiwan, Silicon Labs ya Marekani, na CH340 ya kampuni ya WCH ya China. Kila moja hujitambulisha kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya kifaa. Ukiandika lsusb utaziona: 0403:6001 ni FTDI, 067b:2303 ni Prolific, 10c4:ea60 ni Silicon Labs, na 1a86:7523 ni CH340. Draiva za zote nne zimo ndani ya kerneli ya Linux. Msingi wake uliwekwa mwaka 1999 na Greg Kroah-Hartman, na wengine wameendelea kuutunza hadi leo. Hakuna sidii ya kutafuta wala tovuti ya kupakua. Kwa mji ambao bando hununuliwa kwa shilingi za kuhesabu, hilo ni jambo kubwa.

Kituo cha kwanza ni lsusb yenyewe. Ukichomeka adapta na orodha isibadilike, usiguse programu yoyote. Tatizo ni la waya, tundu au umeme. Vibao vinavyotumia waya wa kutenganishwa huathirika zaidi, kwa kuwa baadhi ya waya za kuchajia simu zina nyaya mbili tu za umeme, hazina zile mbili za data. Taa ya kibao itawaka vizuri na kompyuta haitasikia lolote. Wakati mwingine dmesg huonyesha kosa -71 mara tatu, nne, kisha hukata tamaa. Hapo mimi hubadilisha waya kwanza, halafu tundu, halafu naondoa kigawanya-USB kama kipo. Mara nyingi siendi mbali zaidi ya hapo.

Kituo cha pili ni draiva, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo inapoonekana tofauti kati ya mfumo huria na mfumo uliofungwa. Oktoba 2014, draiva mpya ya FTDI ilisambazwa kwenye kompyuta za Windows kupitia masasisho ya kawaida. Draiva hiyo ilikuwa na mtego: ikikuta chipu ya kuiga, inaandika sufuri kwenye namba yake ya kifaa. Kuanzia hapo chipu hiyo haikutambulika tena, hata ukiihamishia kwenye kompyuta nyingine. Kampuni ilikuwa na haki ya kukasirikia waigaji. Lakini aliyeumia si mwigaji. Ni fundi aliyenunua waya kaunta kwa nia njema, asiyeweza kupasua plastiki na kuangalia chipu kwa darubini. Baada ya kelele kubwa draiva hiyo iliondolewa. Upande wa Linux, haukupita muda mrefu namba hiyo ya sufuri ikaongezwa kwenye orodha ya draiva ya ftdi_sio, ili vifaa vilivyouawa viweze kufufuka. Mstari mmoja wa msimbo, na mtu wa mbali akarudishiwa waya wake.

Prolific nao walichukua njia inayofanana, ingawa ya upole zaidi. Ukichomeka adapta ya PL2303 ya kizazi cha zamani kwenye Windows ya leo, unaweza kuambiwa chipu hiyo iliachwa tangu 2012 na kwamba umtafute aliyekuuzia. Adapta ileile, kwenye Linux, hufanya kazi. Nimeziona adapta nyingi zikitupwa kwenye droo huku Bungoma kama zimekufa, na zilikuwa nzima kabisa. Mtu alitumia fedha mara mbili kwa kitu kisichokuwa na kasoro.

Simaanishi kwamba Linux haikosi kamwe. Inakosa upande wa pili: chipu ikiwa mpya kuliko kerneli. Prolific walipotoa kizazi kipya cha PL2303, uungaji mkono wake uliingia kwenye kerneli mwaka 2019. Kompyuta yenye mfumo wa 2016 ambao haujawahi kusasishwa itaiona adapta hiyo kwenye lsusb na isijue la kufanya nayo. Kuna pia kosa la watu wenye bidii: kwenye baadhi ya mifumo, ukisasisha kerneli na usizime kompyuta na kuiwasha, draiva za kerneli unayotumia sasa zinakuwa zimeshafutwa kwenye diski. Unachomeka adapta, modprobe, amri ya kupakia draiva, inasema haioni kitu. Zima, washa, imekwisha.

Sasa turudi kwa mnyakuzi wa Kitale, maana yeye ndiye anayestahili nafasi kubwa.

Brltty ni programu iliyoanza kuandikwa mwaka 1995 ili asiyeona aweze kutumia Linux kwa kifaa cha Braille: vinundu vidogo vinavyoinuka na kushuka chini ya vidole vyake, mstari baada ya mstari, kulingana na kilichopo kwenye skrini. Ubuntu huja nayo tayari ili mtu asiyeona aweze hata kusakinisha mfumo mwenyewe bila kuomba macho ya jirani. Ni kazi ya heshima. Shida ni kwamba vifaa kadhaa vya Braille vina tumboni chipu zilezile za kawaida za siriali. Kimojawapo, kisomaji cha herufi 20 kilichotengenezwa kwa ajili ya huduma ya taifa ya maktaba ya wasioona ya Marekani, hutumia CH340, na hujitambulisha kwa namba ileile 1a86:7523. Toleo la brltty lililoingia Ubuntu 22.04 liliiona namba hiyo na kudhani kila CH340 ni kisomaji cha Braille. Kwa hiyo waya wa mizani wa Kitale, Arduino ya mwanafunzi na waya wa dekoda, vyote vilinyakuliwa.

Ushauri unaozunguka kila mahali ni mfupi: futa brltty. Nami naupinga, angalau kama kanuni ya jumla. Kwenye laptopu ya mtu binafsi anayeona, sawa, hakuna atakayeumia. Lakini kompyuta za huku kwetu ni za watu wengi. Laptopu ya duka jioni ni laptopu ya watoto. Maabara ya shule ina mwalimu mmoja na mamia ya wanafunzi, na Kenya wanafunzi wasioona hawako tu kwenye shule maalumu kama ile ya Kibos, Kisumu. Wako pia kwenye shule za kawaida. Fundi anayefuta brltty kwenye kompyuta kumi za maabara ili Arduino zifanye kazi amefunga mlango ambao mtoto mmoja angeingilia, na mtoto huyo hatajua ni nani aliyeufunga.

Dawa ya haki haichukui muda mrefu zaidi. Kanuni za brltty ziko kwenye faili la 85-brltty.rules ndani ya /usr/lib/udev/rules.d. Nakili faili hilo kwenye /etc/udev/rules.d, fungua nakala, tafuta mstari wenye 1a86/7523, uweke alama ya # mwanzoni mwake, hifadhi. Kisha sudo udevadm control --reload, na uchomeke adapta upya. Brltty inabaki, vifaa vingine vya Braille vinaendelea kufanya kazi, na CH340 inaachwa huru. Matoleo ya baadaye yamerekebisha jambo hili, lakini laptopu za mtumba husakinishwa kwa flashi ileile inayozunguka mtaani kwa miaka, kwa hiyo 22.04 ya mwanzo bado tutaishi nayo.

Brltty ana ndugu anayeitwa ModemManager, na huyu Wakenya tunamfahamu bila kumjua jina. Wengi wetu tulikutana na ttyUSB mara ya kwanza kupitia zile modemu za 3G za Huawei zilizouzwa na kampuni za simu. Ukiichomeka ilijifanya kwanza sidii yenye programu ya Windows. Ilibidi usb_modeswitch iiamshe ndipo igeuke modemu na kutoa poti mbili tatu za siriali kwa mpigo. ModemManager ndiye aliyezipokea na kukuunganisha na intaneti. Tabia yake ni kuuliza kila poti mpya, "Wewe ni modemu?" kwa kuitumia amri za AT. Mizani ikiulizwa hivyo inaweza kunyamaza, au kutema herufi zisizoeleweka kwa sekunde kadhaa. Matoleo mapya yana adabu zaidi. Kama unatumia la zamani na kompyuta haina modemu, kuisimamisha hakumdhuru mtu.

Kituo cha ruhusa ni kifupi. Kwenye Debian na Ubuntu poti za siriali ni mali ya kundi liitwalo dialout, jina lililobaki tangu enzi za kupiga simu kwa modemu. Kama humo kundini, utaiona ttyUSB0 na kukataliwa kuifungua. Amri ni sudo usermod -aG dialout, ikifuatwa na jina lako, kisha utoke na kuingia tena. Hiyo herufi ndogo ya a nataka uiangalie mara mbili kabla ya kubonyeza. Ukiisahau, unaondolewa kwenye makundi mengine yote, likiwamo linalokuruhusu kutumia sudo, na kosa la adapta linageuka kuwa kosa la kompyuta nzima. Na tafadhali tuache tabia ya kumaliza kila kitu kwa chmod 777: ukichomoa na kuchomeka upya, ruhusa zimerudi zilipokuwa, na hujajifunza lolote.

Kuna watu hufika hapa, poti ipo, ruhusa ipo, na bado wanasema haitambuliki kwa sababu skrini inaonyesha takataka au haionyeshi kitu. Huko ni kwenye mazungumzo, na kompyuta haiwezi kukusaidia kwa sababu haijui mizani inasema lugha gani. Takataka karibu kila mara ni kasi isiyolingana: mizani inatuma baudi 9600, wewe unasikiliza 115200. Kimya mara nyingi ni kwamba pini 2 na 3 zinahitaji kupishanishwa, mdomo wa huyu uelekee sikio la yule. Ili kujua kama adapta yenyewe ni nzima, unganisha pini hizo mbili kwa kipande cha waya na uandike chochote. Herufi zako zikirudi, adapta haina kosa.

Lipo na moja la hatari. Adapta zenye pini tupu, zile za Arduino, hutumia volti 3.3 au 5. RS-232 ya mizani inaweza kufika volti 15, chanya na hasi. Ukiunganisha moja kwa moja unaweza kuichoma chipu, na harufu yake hutaisahau. Tundu la pini tisa linataka adapta ya pini tisa.

Pale Kitale, nilipoweka ile alama ya # na kuchomeka upya, ttyUSB0 ilikaa. Kijana mmoja wa wapagazi aliweka gunia juu ya mizani. Niliandika picocom -b 9600 /dev/ttyUSB0, na mistari ikaanza kushuka: US,GS, kisha namba inayoyumba, US,GS tena, halafu ST,GS,+0090.4kg, na hapo ikatulia. US ni uzito ambao bado unayumba, ST ni uliotulia. Nilimwonyesha mwenye duka tofauti hiyo, kwa sababu programu itakayohifadhi namba lazima ichukue ya ST peke yake. Gunia likirushwa kwenye mizani, kwa nusu sekunde huonyesha uzito usiokuwa wake, na mtu mwenye haraka anaweza kuandika huo. Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Muhuri huo hauifuati namba ikishaingia kwenye laptopu. Huko ni uaminifu wa aliyeandika programu.

Wiki mbili baadaye alinipigia. Alikuwa ameongeza printa ya risiti, nayo ya siriali, nayo kwa waya wa buluu uleule. Stima ilipotea saa nane mchana, ikarudi, na baada ya kurudi risiti zilikuwa zinatumwa kwenye mizani na uzito unasomwa kwenye printa. Majina ttyUSB0 na ttyUSB1 hugawiwa kwa anayefika kwanza, na stima ikirudi hakuna anayejua nani atafika kwanza. FTDI ina namba yake ya pekee, kwa hiyo ingewezekana kuitofautisha kwa hiyo. CH340 haina; ziko kama mapacha. Njia iliyobaki ni kuzitambua kwa tundu zilipochomekwa. Niliandika kanuni mbili za udev, ile sehemu ya Linux inayovipa vifaa majina, moja kwa kila tundu la laptopu, zikatoa majina mawili ambayo hayabadiliki: /dev/mizani na /dev/risiti. Kisha nikachukua kalamu ya wino mzito na kuandika majina hayohayo kando ya matundu, M na R, ili karani asije akachomeka kinyume akifagia.

"Na stima ikipotea tena?" aliuliza.

Nilichomoa waya zote mbili, nikazima laptopu, nikaiwasha, nikazirudisha nikianza na ya printa. Mpagazi akapandisha gunia. Risiti ya kwanza ilitoka na kilo 89.6, na mkulima aliyekuwa mbele ya foleni akanyoosha mkono kuichukua kabla karani hajaikata.